Usibaki chumbani: mwongozo kamili wa siku 100 za kwanza Ujerumani kwa mwanafunzi anayetoka Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka ikifika Desemba, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Msichana wa Mbozi, kijana wa Makambako, mwingine wa Ilula. Wote waliondoka Septemba na begi moja kubwa, wote walipokelewa vizuri chuoni, na wote wanaandika karibu maneno yaleyale: "Dada, masomo yanakwenda, ila sina mtu. Natoka darasani naingia chumbani, natoka chumbani naingia darasani."

Hawa si wavivu. Wanafanya kile walicholelewa kufanya: wanasubiri kukaribishwa. Uyole, Mbeya, ninakotoka, mgeni hamalizi siku mbili bila jirani kupita kumjulia hali. Ujerumani jirani anaona kukuacha na utulivu wako ndiyo heshima yenyewe. Wewe unamsubiri yeye, yeye anakupa nafasi, na miezi mitatu inakwisha mlango ukiwa umefungwa.

Nilisoma kilimo Göttingen kwa miaka miwili, na miezi ya mwanzo niliipoteza hivyohivyo. Mwongozo huu hauhusu viza wala ufadhili. Unaanzia siku unapofunga begi hadi katikati ya Januari. Kama unakwenda nchi nyingine, hatua ya 5 na ya 6 zitakufaa. Zilizobaki ni za Ujerumani.

## Vya kuandaa kabla ya kupanda basi la Dar

- Vyeti. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule na chuo, na nakala zilizothibitishwa na wakili. Halisi zikae kwenye begi la mkononi.
- Kadi ya chanjo yenye surua. Karibu kila mtu huisahau hii. Tangu Machi 2020, sheria ya Ujerumani inamtaka kila aliyezaliwa baada ya 1970 anayefanya kazi shuleni au chekechea, hata kwa kujitolea, aonyeshe kwamba amekingwa na surua, na kinachotakiwa ni dozi mbili. Kama mama bado anayo kadi yako ya kliniki, ichukue. Kama ilipotea, nenda hospitali uchanjwe na uandikiwe. Unaweza kuchanjwa hukohuko pia, ila utapoteza wiki kadhaa.
- Koti zito na viatu visivyopitisha maji. Pita soko la Mwanjelwa kwenye mitumba. Kagua zipu na bitana, livae ukiwa na sweta ndani. Usibebe blanketi, vyumba vya kule vina joto la mabomba.
- Adapta ya umeme. Plagi zetu za pini tatu haziingii kwenye soketi zao za matundu mawili.
- Zawadi ndogondogo. Majani ya chai ya Rungwe au Mufindi, kahawa ya Mbozi iliyokaangwa na kusagwa. Vipakti vidogo kumi ni bora kuliko kimoja kikubwa. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingia, na parachichi bila cheti cha afya ya mimea litachukuliwa uwanja wa ndege. Waachie wa nyumbani wale.
- Kijerumani cha kuanzia. Hata kama kozi yako ni ya Kiingereza. Chuoni Kiingereza kinatosha. Dukani, kanisani na kwa jirani wa miaka 70 hakitoshi.
- Kazi moja ya mikono unayoijua. Kushona, kusuka, kupika kwa watu wengi, kuziba pancha, kulima bustani, kuimba besi. Iandike kwenye karatasi. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Kaa na familia, uwatajie hesabu

Fanya hili kabla hujaondoka, uso kwa uso, sio kwa simu ukiwa huko.

Mwanafunzi asiye na ufadhili anatakiwa kuweka fedha kwenye akaunti maalumu iliyofungwa. Tangu Septemba 2024 kiasi ni euro 11,904 kwa mwaka. Nyumbani watu husikia namba hiyo, wanaizidisha kwa shilingi, wanapata zaidi ya milioni 30, na wanaamini umekuwa tajiri. Hawaambiwi kwamba benki inakuachia euro 992 tu kila mwezi, na humo humo mna kodi ya chumba, bima ya afya ambayo peke yake inapita euro 100, na ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Kinachobaki ndicho chakula chako.

Chukua daftari, waandikie baba, mama na yule mjomba aliyechangia nauli. Waambie mwaka wa kwanza hautatuma kitu. Inauma kuisema, najua, hasa kama kuna mdogo wako anayesubiri ada. Lakini imeuma zaidi kwa waliokuja kuisema mwezi wa tatu, wakati ahadi zimeshatolewa.

Hesabu hii inahusu urafiki kuliko inavyoonekana. Niliokuwa nao waliokubali kila ombi la nyumbani walichukua kila kibarua kilichopita. Hawakuwa na jioni hata moja yao. Mtu asiye na jioni hawezi kujuana na mtu.

Umefanikiwa pale baba mwenyewe anapoweza kumweleza jirani kwa nini hutatuma hela mwaka huu.

## Hatua ya 2: Wiki mbili za karatasi

Ukishaingia kwenye chumba chako, una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi ya mji. Wanaita *Anmeldung*. Utahitaji pasipoti na fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kuwa unaishi pale. Bila usajili huo mambo mengine hukwama nyuma yake: kuanzia benki hadi kibali chako cha ukaazi.

Siku hiyohiyo bandika jina lako kwenye sanduku la barua. Naomba usilipite hili haraka. Kule mambo mazito huja kwa barua ya karatasi, na mtu wa posta akikosa jina lako kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka. Angalia sanduku kila siku. Kila barua ina tarehe ya mwisho; itafute, izungushie wino, iweke kwenye faili.

Onyo: usitume hela ya chumba ambacho hujakiona na ambacho hakina mkataba, hata picha ziwe nzuri namna gani. Nawafahamu wawili waliolipa hivyo, na anwani waliyopewa haikuwa na chumba cha kupangisha.

## Hatua ya 3: Geuza saa kichwani

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Kila mtu anajua atalazimika kuongeza au kutoa sita, na baada ya wiki moja amezoea. Tatizo liko kwenye nusu. Mjerumani akisema *halb vier*, neno kwa neno "nusu nne", hamaanishi saa nne yao na nusu. Anamaanisha nusu ya kuelekea nne, yaani 15:30, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu alasiri.

Novemba ya mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja niliyefanya naye kazi ya kujitolea alinialika kwake Jumapili, kahawa na keki, *halb vier*. Nilifika saa kumi na nusu, nimevaa vizuri, nina chai ya Rungwe mkononi. Mke wake alifungua mlango. Mezani keki ilikuwa imekatwa vipande sita, hakuna kilicholiwa, na buli la kahawa lilikuwa limevikwa kifuniko cha sufi lisipoe. Walikuwa wamenisubiri saa nzima bila kugusa kitu. Hawakunilaumu. Nilipoeleza, yule mama alinichorea saa kwenye kitambaa cha karatasi, akapaka wino nusu ya kabla ya nne. Kitambaa kile ninacho mpaka leo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila ukipewa saa, irudie kwa tarakimu: "15:30?" Hakuna atakayekushangaa. Halafu iandike kwenye simu kabla hamjaachana.

Jambo la pili ni ratiba ya chuo. Ukiona *10 c.t.*, kipindi kinaanza saa nne na robo asubuhi. Ukiona *10 s.t.*, kinaanza saa nne kamili. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma saa moja. Kuanzia hapo Mbeya iko mbele yako kwa saa mbili. Mama akikupigia kabla hajalala saa nne usiku, kwako ni saa mbili usiku.

Ukichelewa hata dakika kumi, tuma ujumbe kabla ya muda kufika. Foleni ya Mafiati ni udhuru unaoeleweka Mbeya. Kule kuchelewa bila taarifa kunasomwa kama kutokujali.

## Hatua ya 4: Darasani, fungua mdomo mapema

Alama zao zimegeuzwa: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya kufaulu kwa shida, 5.0 umefeli. Waeleze nyumbani pia, la sivyo mama atalia ukimwambia umepata 1.3.

Kujisajili kwenye kozi na kujisajili kwenye mtihani ni vitu viwili. Muhula wangu wa kwanza nilisoma somo moja kwa bidii, nikaenda na kalamu mbili, jina langu halikuwemo kwenye orodha. Tarehe ya kujisajili ilikuwa imepita wiki moja. Nilirudi nyumbani na nikafanya mtihani huo miezi sita baadaye. Wiki ya pili ya muhula, muulize mwanafunzi aliyekutangulia mtihani husajiliwa wapi na lini, na weka kengele mbili kwenye simu.

Tumelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa, na ni malezi mazuri. Ila kwenye semina zao anayenyamaza anahesabiwa kuwa hajasoma. Andika swali moja kabla ya kila semina na ulisome kutoka kwenye karatasi kama sauti inatetemeka. Profesa akikuambia "hili si sahihi" mbele ya wenzako, hajakugombeza. Anazungumza na hoja yako, na jioni atakusalimia kama kawaida.

Kila profesa ana saa maalumu ya kuonana na wanafunzi. Nenda mara moja kabla ya Desemba hata kama huna shida kubwa, ili siku ukiwa nayo usiwe mgeni machoni pake.

## Hatua ya 5: Tafuta mahali pa kujitolea, siku ileile, saa ileile

Kama utasahau yote, shika hatua hii.

Wengi wetu tunatafuta marafiki kwenye sherehe za kukaribisha wanafunzi wa kimataifa. Zinafurahisha, na watu mia wanapeana namba. Wiki inayofuata hakuna anayekumbuka sura. Mjerumani hajuani na mtu kwa mazungumzo ya usiku mmoja. Anajuana naye kwa kumwona mara ya tano akifanya kitu kilekile karibu naye. Kujitolea kunakupa hizo mara tano bila kumwomba mtu chochote.

Wana mapokeo makubwa ya vyama vidogo, *Verein*. Watu saba wanatosha kusajili kimoja. Kuna vya kuimba, kutunza bustani, kuogelea, kuzima moto, kufundisha watoto kusoma. Kuna na *Tafel*, wanaokusanya chakula kilichobaki madukani na kuwagawia wenye uhitaji, kazi iliyoanza Berlin mwaka 1993 na sasa iko miji mingi.

Chagua kwa vipimo vitatu. Kwanza, kazi iwe ya kila wiki. Ya mara moja kwa mwezi haijengi kitu. Pili, mikono iwe na shughuli, kwa sababu Kijerumani chako bado ni kidogo na mikono inayofanya kazi inafunika ukimya. Tatu, pawe na watu wasio wanafunzi. Wanafunzi wenzako watahama baada ya miaka miwili. Mama wa miaka 60 yupo, anajua daktari gani ana nafasi na baiskeli nzuri inauzwa wapi.

Tafuta wapi. Miji mingi ina ofisi ya kuunganisha watu wanaotaka kujitolea. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, soma matangazo ya ukutani maktaba, uliza kanisani. Kisha andika ujumbe mfupi. Huu unatosha: *Guten Tag, ich studiere seit Oktober hier und möchte gern jede Woche mithelfen. Wann kann ich vorbeikommen?* Yaani unasoma pale tangu Oktoba, ungependa kusaidia kila wiki, unauliza upite lini. Usieleze maisha yako yote.

Karatasi zake. Ukitaka kuwa na watoto, utaombwa hati ya mwenendo mwema ya Kijerumani. Chama kitakupa barua, na kwa anayejitolea haina malipo. Hapo ndipo na ile kadi ya surua inapofanya kazi. Kwenye chakula, huenda ukapelekwa kwanza ofisi ya afya kupewa maelekezo ya usafi.

Usichanganye na kibarua. Kazi ya malipo kwa mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya ina kikomo: tangu Machi 2024 ni siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Kujitolea kwa kweli hakuna mshahara. Chama kikitaka kukupa posho yoyote, uliza kwanza ofisi ya wageni, ile inayotoa vibali vya ukaazi, na upate jibu kwa maandishi.

Mimi nilikwenda kwenye karakana ya baiskeli. Baba yangu ni fundi baiskeli Uyole, na nikiwa darasa la tatu nilikuwa nashika beseni la maji wakati yeye anatafuta pancha. Karakana ilikuwa chini ya jengo la zamani, Jumanne saa kumi na moja jioni. Mtu yeyote aliruhusiwa kuleta baiskeli yake na kusaidiwa kuitengeneza mwenyewe.

Jumanne ya kwanza mzee mmoja alinionyesha kwa kidole mahali pa kutundika koti, akarudi kwenye kazi yake. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nilirudi nyumbani nikasema hawanitaki.

Jumanne ya pili uliletwa mpira wenye matundu mawili yaliyokaribiana. Nikausugua kwa msasa, nikapaka solusheni, nikaisubiri ikauke. Ndivyo baba alivyonifundisha: unagusa kwa mgongo wa kidole, ikinata kidogo bila kuacha alama, ndipo unaweka kiraka. Kimoja kikubwa kwa matundu yote mawili. Yule mzee alisimama nyuma yangu akatazama mpaka mwisho. Akaubonyeza mpira ndani ya maji. Hakukutoka povu. Alisema neno moja, *sauber*, safi, akaondoka.

Jumanne ya tatu alinisogezea kikombe cha kahawa bila kuuliza. Ya nne aliniuliza baba yangu anatumia msasa namba ngapi. Ya sita ndiyo aliyonialika kwenye ile keki niliyoichelewa.

Kwa hiyo usihukumu kabla ya wiki ya sita. Ukimya wa wiki za kwanza si chuki. Wanakuangalia kama utarudi.

Maonyo mawili kabla hatujaendelea. Chukua jambo moja tu. Niliona wenzangu wakijaza wiki nzima kwa kujitolea, masomo yakaanguka, wakaacha yote. Na kama unaimba kwaya, waambie mapema kwamba umezoea kusoma do-re-mi. Wao husoma nota za mistari, na ukilisema wazi mtu atakaa karibu nawe akuongoze.

Utajua imefanikiwa siku utakapoumwa ukakosa, na simu ikalia mtu akiuliza kama uko salama.

## Hatua ya 6: Wewe ndiye uwe mwenye nyumba

Sasa una watu unaowafahamu. Ili wawe marafiki, waite kwako. Usingoje wao waanze.

Kwetu unasema "karibu nyumbani" na mtu anajua akipita muda wowote atakuta chai. Kule maneno hayo hayana uzito, kwa sababu hayana siku. Sema: "Jumamosi tarehe 9, saa 18:00, kwangu, tutasukuma chapati. Unakula nyama?" Swali la nyama ni la lazima, wasiokula ni wengi. Maharage ya nazi na kabichi vinawafaa karibu wote.

Nachagua chapati kwa makusudi. Ungeweza kupika wali ukawaandalia, lakini wangekaa mezani wakikusubiri, wakitafuta cha kusema. Ukiwapa kila mmoja donge lake la unga na chupa ya kusukumia, ndani ya dakika tano wanachekana kwa maumbo. Mmoja anashika kikaango, mwingine anapaka mafuta, na mwenye Kiingereza kibovu anapona, maana chapati haina sarufi. Watu watano wanatosha. Kumi ni wengi kwa jiko la bweni.

Zima muziki saa nne usiku. Kuanzia 22:00 ni saa za utulivu, na Jumapili siku nzima pia. Waambie majirani siku mbili kabla, kwa karatasi mlangoni, na uwaachie chapati mbili. Jirani wa chumba cha pili kwangu alianza kunisalimia kwa jina baada ya chapati hizo.

Mambo mengine ya kujua, kwa haraka:

Akifungua kalenda na kukuambia ana nafasi baada ya wiki tatu, hajakukataa. Ukialikwa wewe, nenda kwa wakati, na hapo ndipo vipakti vya chai vinapotumika. Mgahawani kila mtu hulipa chake hata kama mmoja ndiye aliyesema "twende". Mhudumu atauliza, jibu *getrennt*. Na maneno ya heshima: mwite mkubwa *Sie* mpaka yeye mwenyewe akuambie umwite *du*. Wewe uliyezoea kumwamkia mama wa Kinyakyusa kwa kuinama kidogo, au kusema *kamwene* kwa sauti ya chini ukipita Iringa, hili halitakushinda.

Neno "rafiki" wanalitumia kwa uchache. Mtu aliyekula kwako mara tatu anaweza bado kukutambulisha kama "mtu ninayemfahamu". Usiumie. Siku atakapokuita rafiki, amemaanisha, na atakuja kukusaidia kuhamisha godoro ghorofa ya nne.

Kutakuwa na wengine. Kuna siku mtu atahama kiti kwenye basi, au atakusemea maneno ya rangi yako. Usibishane naye peke yako. Shuka, andika saa na namba ya basi, mwambie mtu yule wa karakana au wa kwaya, na kama ni chuoni, peleka kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia ubaguzi. Mara mbili nilizofanya hivyo nilisikilizwa. Mara niliyonyamaza ndiyo iliyonikaa moyoni muda mrefu.

## Hatua ya 7: Ipangie mipango giza ya Desemba

Watu wa Makete na Kitulo huniambia baridi wanaijua, wanaamka Juni na Julai wakakuta barafu kwenye majani. Ni kweli, na baridi ya kule itawasumbua kidogo kuliko mtu wa Dar. Lakini asubuhi ya Makete, jua likitoka, limetoka. Göttingen katikati ya Desemba linachomoza baada ya saa mbili asubuhi, linazama saa kumi na dakika chache, na mara nyingi kati ya hapo ni mawingu tu. Mwili unadhani ni usiku na unakuambia lala.

Toka nje kila siku mchana, saa sita, nusu saa, hata kama hakuna jua la kuliona. Usihamishie maisha yote kwenye simu ya nyumbani. Piga kwa siku zilizopangwa. Nilipokuwa napiga kila usiku nilikuwa nalala nikiwa na huzuni zaidi ya nilivyoanza.

Kuanzia mchana wa tarehe 24 hadi 26 Desemba maduka yanafungwa, mabweni yanabaki matupu na mji unanyamaza. Hizo ndizo siku ngumu kuliko zote. Anza kuulizia mapema Desemba: jumuiya za wanafunzi za Kilutheri na Kikatoliki zipo kwenye miji mingi ya vyuo na mara nyingi huwa na meza kwa wasiosafiri, wa dini yoyote. Ukiwa Mmoravian, kule Herrnhut mashariki mwa Saxony ndiko kanisa lenu lilikotoka, na wageni kutoka Rungwe si kitu kipya kwao. Nunua chakula cha siku tatu kabla ya tarehe 24.

Ukiona wiki mbili zinapita huli vizuri, huogi, huendi darasani, hiyo imeshapita upweke wa kawaida. Shirika la huduma za wanafunzi lina washauri wa bure, na hawaripoti chochote chuoni wala ubalozini. Kuna pia simu ya bure ya usiku na mchana, 0800 111 0 111. Ukiwa hatarini, piga 112.

## Siku ya mia

Ukifika katikati ya Januari, chukua karatasi uandike wiki yako ilivyo. Uwe na siku moja ya kujitolea isiyobadilika. Uwe na watu wawili, angalau mmoja asiye mwanafunzi, unaoweza kuwapigia ukikwama na funguo ndani. Jina lako liwe kwenye sanduku la barua na kwenye orodha ya mitihani ya Februari. Penye pengo, rudi kwenye hatua yake. Februari bado ni mapema.

Na kwa sababu ya mitihani hiyo utahitaji kukosa wiki mbili tatu za kujitolea. Usipotee kimyakimya. Waambie Jumanne ya mwisho kabla hujaanza kusoma, na waandikie ukutani tarehe utakayorudi.